Ramani ya Mjomba

Kinyerezi, Dar es Salaam
18 Februari 2024

Dada Avelina, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo uliokusumbua Krismasi umetulia. Sisi huku hatujambo. Hope wako anakula vizuri, joto tu ndilo linamkera, na anadai maji ya Dar hayana ladha. Mke wangu Clara anakusalimu.

Utashangaa kuletewa karatasi na kondakta wa basi, kana kwamba tumerudi enzi za baba. Sababu unaijua. Nimejitoa kwenye kundi la familia la WhatsApp na sirudi mpaka Revelian afute maneno yake. Kaka yetu mkubwa, mhasibu mzima, ananiita "mwalimu wa katuni" mbele ya mashangazi na wajukuu! Simu nayo siitaki, maana kwenye simu unanikatiza kabla sijafika kwenye hoja. Karatasi hainikatizi.

Hoja ni hii. Uliona picha ya daftari la mwanao ukauliza notisi za Baiolojia ziko wapi. Notisi hazipo, na aliyeziondoa ni mimi.

Januari, nilipokabidhiwa kidato cha nne, niliwapa wanafunzi sitini na mmoja swali moja: osmosisi ni nini? Hamsini na wanne waliandika jibu lile lile, kwa Kiingereza kile kile, koma kwa koma, kama walivyosomewa na mwalimu wao kidato cha kwanza. Nilifurahi kwa dakika tano. Kisha nikawauliza kwa Kiswahili: ukikata vitunguu vya kachumbari ukavitia chumvi, yale maji yanayojaa kwenye bakuli yametoka wapi? Mmoja akasema, "Kwenye chumvi, mwalimu." Darasa likaandika: kwenye chumvi. Hope naye, binti aliyeanza kukata kachumbari kabla hajajua kusoma, akaandika.

Hicho ndicho tunachokiita shule, dada. Maneno yanatoka ubaoni yanaingia daftarini, yanatoka daftarini yanaingia kwenye mtihani, na njiani hayapiti kichwani mwa mtu yeyote. Tunawapa vyeti kwa kazi ya upagazi.

Sasa tunachora ramani dhana. Mwanafunzi anaweka mawazo makuu kwenye visanduku, anayaunganisha kwa mishale, na juu ya kila mshale lazima aandike uhusiano wenyewe: inasababisha, inazuia, inahitaji, ni sehemu ya. Visanduku ni vya Kiingereza kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza. Mishale ni ya Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha wanayofikiria. Mshale mtupu naufuta. Ukikosa la kuandika juu ya mshale, hujui, na wewe mwenyewe unajiona kwamba hujui.

Niachie mwaka huu tu.

Mdogo wako,
Audax


Bukoba
3 Machi 2024

Mdogo wangu Audax,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, wodi ya wazazi haina huruma na mgongo wa muuguzi. Mwambie Clara kitenge kimefika na rangi nimeipenda. Hapa mvua imeanza na migomba imesimama vizuri.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Wewe tangu utoto ukipata wazo jipya nyumba nzima haikai. Ulibishana na katekista kuhusu safina ya Nuhu, wanyama wote wale walikula nini, na aliyechapwa nikawa mimi kwa sababu ndiye niliyekupeleka. Safari hii naona anayepelekwa ni mwanangu.

Mimi nimefaulu kwa kukariri, Audax. Uuguzi wote nimeusoma kwa kukariri. Miaka ishirini na minne wodini, mama akianza kuvuja damu hakuna anayeniuliza mshale unaelekea wapi. Mkono unajua, basi.

Hope ana mtihani mmoja. Adelard, Mungu amrehemu, alikufa akiniambia binti yake asomee udaktari, na wewe ulikuwepo chumbani. Ili aende kidato cha tano kwa masomo ya sayansi anahitaji Baiolojia nzuri. Nilimleta kwako kwa sababu wewe ni mwalimu. Mapinduzi fanya na watoto wa watu wengine.

Halafu Mwalimu Projestus, yule wenu wa taaluma, amenipigia mwenyewe. Kwa heshima sana akaniambia daftari la Hope linafanana na utando wa buibui, na wakaguzi wakija atajibu nini?

Kwa hiyo sikia. Mtihani wa majaribio wa Julai akipata chini ya B kwenye somo lako, anahama kwako anakwenda Tabata kwa Revelian, na nitamlipia mwalimu wa tuisheni amwandikie notisi kama watoto wenzake. Sitanii.

Dada yako,
Avelina


Kinyerezi
24 Machi 2024

Dada Avelina, shikamoo.

Poleni na mvua. Huku nako hainyeshi, inamwagika, na barabara yetu ya mtaani imekuwa korongo. Afya zetu njema.

Kwa Revelian! Nyumba ambayo kitabu pekee ni kalenda ya ukutani! Haya, nimekusikia. B. Nimeiandika ukurasa wa kwanza wa shajara yangu.

Huyo Projestus naye alinikuta koridoni, daftari la Hope kalishika kwa vidole viwili kama panya mfu.

"Mwalimu Audax, hii ni nini?"

"Mmeng'enyo wa chakula."

"Hii? Na Kiswahili kinafanya nini ndani ya Baiolojia?"

"Kinafanya kazi. Kiingereza kimekaa kwenye visanduku, kimependeza, kinasubiri kuhudumiwa."

"Braza, mie nakupenda, ila mzazi akiona hivi atasema hatufundishi."

"Mzazi ameshaona. Ni dada yangu. Na amesema hivyo hivyo."

Akacheka. Si mtu mbaya. Ana hofu, na katika shule zetu hofu ndiyo inayopandishwa vyeo.

Lakini nisikilize jambo moja, kisha unitukane upendavyo. Juzi Hope alikuwa ubaoni, ana kisanduku cha ini na kisanduku cha sukari, katikati mshale, juu yake kaandika "linahifadhi". Akasimama binti Nawal. Baba yake ni Abdulsamad, mwenye duka la steshenari mkabala na geti letu, familia ya biashara tangu babu yake babu.

"Likihifadhi tu si litajaa?" Nawal akasema.

"Kwani ini ndoo?" Hope akamjibu.

"Mie nimefunga tangu alfajiri, sijala kitu, na bado nimesimama hapa nabishana na wewe. Sukari inayonisimamisha inatoka wapi?"

Dada, Hope akautazama mshale wake. Akautazama mpaka wenzake wakaanza kugonga madawati. Kisha akafuta, akachora mishale miwili: mmoja unaingia kwenye ini baada ya kula, mwingine unatoka wakati wa njaa. Akageuka, macho makubwa, akasema, "Kumbe linarudisha!" Nilijifanya naangalia dirishani. Nimefundisha miaka ishirini na moja, nyuso za namna ile nimeziona labda mara tano.

Mdogo wako,
Audax


Bukoba
21 Aprili 2024

Audax mdogo wangu,

Marahaba, na poleni na mafuriko tunayoyasikia. Sisi wazima.

Hope alinipigia Jumapili nikiwa zamu. Badala ya salamu akaniuliza: "Mama, kwa nini dripu haiwi maji safi matupu? Kwa nini lazima yawe na chumvi kidogo?" Nikamwambia ukimtia mgonjwa maji matupu kwenye mshipa utamwua. Akasema, "Hilo najua, Mama. Kwa nini?"

Nimetundika dripu ngapi maishani? Nikasingizia naitwa wodini, nikakata simu. Nilikaa kwenye chumba cha sindano nimekasirika, na sijui nilikuwa namkasirikia nani.

Endelea. Ila B ni B.

Dada yako,
Avelina


Kinyerezi
4 Agosti 2024

Dada mpenzi, shikamoo, shikamoo tena!

Unisamehe kimya cha miezi minne. Mgongo je? Kahawa ya kutafuna uliyotuma imefika, Clara ameificha nisiimalize. Hope mwenyewe utamwona wiki ijayo, wanapewa siku kumi, lakini nataka habari uipate kwangu kwanza.

Hope ana A. Baiolojia, mtihani wa majaribio, A! Darasa zima limeongoza kata, hakuna hata F moja, na hayajawahi kutokea tangu shule ijengwe.

Nikueleze ilivyokuwa. Mwezi wa tano Projestus alinibana kweli. Tulikuwa tumekwama kwenye mada ya tano na zimebaki saba, kwa sababu watoto walikuwa wanaweza kugombania mshale mmoja siku mbili. Nikasema sawa. Nikakaa wiki mbili nikachora mwenyewe ramani moja ya somo zima, visanduku mia moja na arobaini, kila mshale na maneno yake, safi kama ramani ya mji. Nikampelekea Abdulsamad akatoa nakala, kila mwanafunzi ya kwake. Baada ya hapo tulikimbia! Nasimama mbele, ramani ukutani, nafuata mshale, wanafuata mshale.

Sasa Abdulsamad hapumziki. Watoto wanatoka Segerea, wanatoka Kimara, wanapanga foleni dukani. Wanaiita "ramani ya Audax". Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Samiha, ameagiza ichorwe kwenye ukuta wa bwalo kwa rangi ya mafuta. Mwezi wa tisa nimealikwa kuzungumza na walimu wa sayansi wa wilaya nzima, na nitawaambia bila kupaka sukari kwamba notisi zao ni kaburi la akili.

Mwonyeshe Revelian barua hii. Mwambie mwalimu wa katuni anamsalimu.

Mdogo wako mwenye furaha,
Audax


Bukoba
25 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Hongera. Naanza na hongera kwa sababu umefanya kazi na mwanangu ana A, nimeishukuru hiyo A nikipiga magoti. Hope amerudi huko salama, natumaini mzigo wa ndizi umefika haujaiva wote.

Sasa nikwambie nilichokiona, na usiniruke.

Siku ya pili yake hapa nikamwuliza tena lile swali la dripu. Nilikuwa nimelisubiri tangu Aprili, nikiona aibu kumwuliza daktari. Akafumba macho. Kidole chake kikaanza kutembea hewani, kinapanda, kinashuka, kinakata kushoto. Akanitajia maneno mazuri kweli, chembe za damu, maji, kuvimba, kupasuka. Nikamwuliza, "Sasa zinapasuka kwa nini?" Akasema, "Kisanduku cha kumi na nne, Mama. Kinafuata cha kumi na tano."

Nikadhani kachoka na safari. Jioni alikuja jirani yetu Mama Bupe, mwenye kisukari, analalamika kwamba anakojoa mno na kiu haimwishi. Nikamwambia Hope, haya, mweleze mama. Kidole kikapanda tena hewani. Kikatafuta. Kikasimama. "Hiyo haipo kwenye ramani," akasema.

Nikamwomba anionyeshe ramani anazochora mwenyewe. Tangu mwezi wa tano hajachora hata moja. "Ya Mjomba ni nzuri kuliko zangu, nichore ya nini?"

Audax, umempa notisi. Umezitia mishale, lakini ni notisi. Mimi mtu wa kukariri nazijua nikiziona.

Yule aliyeniuliza "kwa nini?" mwezi wa nne yuko wapi?

Dada yako,
Avelina


Kinyerezi
1 Septemba 2024

Shikamoo.

Barua nimeipata. Ndizi zimefika.

Ulitaka B. Nimekupa A. Mtu wa kupewa A akaitafutia kasoro simwelewi, na mwaka huu sina muda wa kumwelewa.

Mwl. Audax Polikarpo


Kinyerezi
22 Septemba 2024

Dada Avelina, shikamoo.

Umzima? Sisi wazima, Hope mzima. Mimi mwili mzima tu.

Futa barua yangu iliyopita. Nilikuandikia kama mtumishi anavyomwandikia mkurugenzi, na tumenyonya ziwa moja.

Jumatano nilikuwa darasani, ramani ukutani, tunarudia mzunguko wa damu. Nawal akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwani mishipa yote inayotoka moyoni inabeba damu yenye oksijeni?"

Sijafungua mdomo, darasa zima likajibu: "Yote! Ramani imesema!"

"Sasa ule unaokwenda mapafuni? Oksijeni si inatoka huko huko mapafuni? Unaipelekaje mahali inakotoka?"

Wakamzomea. "Kaa chini wewe! Ramani imesema!" Na sauti iliyokuwa juu kuliko zote, dada, ilikuwa ya Hope.

Nawal yuko sahihi. Mshipa huo mmoja unabeba damu isiyo na oksijeni, ndiyo inakwenda kuifuata. Ninalijua hilo tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Sikuliandika kwa sababu kisanduku kilikuwa kimejaa. Nafasi iliniishia kwenye karatasi! Na karatasi hiyo iko mikononi mwa nusu ya watoto wa jimbo hili, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, wala mwalimu mmoja, wala wale wa wilaya niliowahutubia siku mbili kabla wakanipigia makofi.

Nikamwuliza Nawal amelionaje. Akasema, "Mie sina ramani, mwalimu. Baba kasema zile ni za kuuza, si za sisi. Nachoraga zangu tu." Darasa likacheka, naye akacheka. Akanionyesha daftari. Michoro mibaya, imefutwafutwa mpaka karatasi imetoboka, na kila mshale ni wa kwake.

Nimeshinda vita na watu wanaokaririsha kwa kuwa mkaririshaji bora kuliko wote. Huo ndio ukweli, na ulinipa kwanza wewe nikakutukana.

Sasa nipe shauri, maana mtihani wa taifa umebakiza wiki saba. Nikiwaachia ramani watafaulu, majaribio yameonyesha. Nikiwanyang'anya, nikawarudisha kuchora wenyewe, kuna watakaoelewa na kuna watakaozama, na sijui nani ni nani. Siwezi kulifanya hilo kwa watoto wa watu nikamwachia wangu. Hope namchukulia ramani au namwachia? Wewe ndiye mama. Sema, nitafuata.

Mdogo wako,
Audax


Bukoba
29 Septemba 2024

Audax mdogo wangu,

Marahaba. Nimeyapokea yote, na yaliyopita yamepita.

Nimezunguka na barua yako siku tatu kwenye mfuko wa sare. Nataka A. Naiandika hapa wazi nisije nikajidai mtakatifu. Nikifumba macho namwona Adelard kitandani, na nataka A hata kama mtoto ameiokota njiani.

Kisha jana tukapokea muuguzi mpya, cheti kinang'aa, alama za juu kila somo. Nilimwambia pima presha ya yule mama. Akapima, akaandika namba kwenye jalada, namba ya kutisha, akaliweka jalada mezani akaenda kunywa chai. Namba aliijua kuisoma. Haikumwambia kitu. Nilikimbia mimi. Mama yuko salama, mtoto yuko salama.

Ningekwambia mchukulie ramani. Kalamu imefika hapa ikakataa. Mimi nilisema B, wewe ukasema ramani, Projestus akasema notisi, marehemu akasema udaktari. Hivi yupo mtu aliyewahi kumwuliza mwenyewe?

Msomee barua hii. Zote, ukitaka. Atakalosema ndilo.

Dada yako,
Avelina


Kinyerezi
13 Oktoba 2024

Dada, shikamoo.

Natumaini hujambo, na yule muuguzi mpya umemshika sikio. Hapa tuko hai.

Nilimsomea zote, kuanzia Februari. Clara alikuwepo anachambua mchele. Hope alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, na nakuandikia alivyosema:

"Kwa hiyo nyie wawili mmeandikiana mwaka mzima kuhusu kichwa changu. Mwenye kichwa niko hapa hapa mezani, nawapikia chai."

Nikamwambia tunakuuliza sasa. Akasema, "Sasa! Wiki tano zimebaki ndiyo mnauliza! Ukinichukulia, Mjomba, nikifeli utakuwa umenifelisha wewe. Ukiniachia, nikifaulu utakuwa umefaulu wewe. Mie kazi yangu ni ipi hapo?"

Clara akasema, "Mwambie, mwanangu." Nikamwangalia Clara. Hakuniangalia.

Hope akaenda kuibandua ramani ukutani. Nikadhani ataichana, nikakiri moyoni kwamba iliniuma. Akaigeuza, akaitandika mezani upande mweupe, akachukua penseli. Akaandika kisanduku kimoja katikati: moyo. Akakaa. Nikasogea nimwonyeshe pa kuanzia.

"Mjomba, kaa kimya."

Nimekaa kimya siku kumi, dada. Hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kama hiyo. Anakosea naona, anafuta, anakwenda kwa Nawal wanagombana, anarudi, anakosea mahali pengine. Muda unakwenda na hajafika hata nusu.

Shuleni niliwaambia wote kosa langu, nikawaambia nitakaa na kila atakayetaka kuchora upya. Ishirini na wawili wamekuja. Waliobaki wameikumbatia ramani, na siwalaumu. Wazazi walijaa ofisini kwa Mwalimu Samiha. Baba mmoja alinifokea, "Kaa na majaribio yako, mtoto wangu si shamba darasa!"

Sina amani, na sijui kama ninachokifanya ni haki au ni kiburi kingine.

Mdogo wako,
Audax


Kinyerezi
2 Februari 2025

Dada Avelina, shikamoo.

Matokeo umeyaona. Hope C. Najua unajua, maana tangu yatoke simu yangu, ambayo sasa nimeiwasha, haijalia kutoka kwako.

Nakuandikia uyapate yote kwa mkono wangu. Nawal amepata B. Kati ya wale ishirini na wawili, A ni moja na F ni tatu. Kati ya walioshika ramani mpaka mwisho, A ni kumi na tatu. Mtihani uliuliza tafsiri na orodha, na ramani ilikuwa nazo zote. Projestus hakunicheka. Aliniwekea karatasi mezani akasema, "Braza, pole," ikauma zaidi. Nimeondolewa kidato cha nne, nafundisha cha kwanza.

C inamtosha kidato cha tano, lakini si zile shule ulizozitaka, na udaktari umekuwa mlima. Uliniomba B na nimekuletea C. Watu hunijua kwa hoja. Leo sina. Nikitetea nilichofanya naona nyuso za wale watatu waliofeli. Nikikikana namwona Hope na penseli yake.

Amepanda basi leo asubuhi stendi ya Mbezi Luis, anakuja kusubiri uchaguzi wa kidato cha tano nyumbani. Mpokee vizuri. Nitukane mimi.

Mdogo wako,
Audax


Bukoba
Jumanne, 25 Februari 2025

Mdogo wangu Audax,

Marahaba. Msalimie Clara. Sisi wazima, na samahani kwa kukuacha bila jibu wiki tatu. Ile C niliilia siku tatu kamili, sitakuficha, na siku ya nne nikaenda kazini.

Hope nilimwona anazunguka tu nyumbani, nikamwombea awe anakuja kituo chetu cha afya kusaidia, kufuta meza, kupanga majalada, kukorogea watoto wanaoharisha zile pakiti za chumvi na sukari. Wiki nzima akakoroga tu. Jana jioni Daktari Brightson alikuwa anapita na wanafunzi wake wawili, akatukuta mimi na Hope kwenye beseni.

"Shikamoo, daktari. Naomba kuuliza," Hope akasema. "Chumvi naielewa, mtoto ameipoteza. Lakini sukari hajaiharisha. Sukari inafanya nini humu?"

"Inampa nguvu."

"Hivi vijiko viwili? Si bora uji?"

Wale wanafunzi wakacheka kidogo, wakajizuia. Daktari akasema, "Ni utaratibu, binti. Umeandikwa."

"Ndiyo, daktari. Ila kwa nini?"

"Wewe Baiolojia ulipata nini?"

"C."

"Basi," akasema, akageuka aondoke.

Audax, miaka ishirini na mitano sasa sijawahi kumpinga daktari mbele ya watu. Mwaka jana ningemfinya mwanangu, nikaomba radhi, nikamfukuza nyumbani akapike. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niombe radhi. Nikasikia mdomo huo huo unasema, "Mjibu mtoto, daktari. Na mimi nataka kujua."

Daktari Brightson akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakukasirika. Nadhani alikuwa anatafuta jibu, na akaona hakuna. Akasema, "Kesho asubuhi, saa mbili, njooni ofisini. Nitakuwa nimesoma."

Kesho hiyo ni leo. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya mlango wake. Hope yuko kando yangu, kainamia karatasi gotini, na nimekatazwa kuchungulia. Zamu yangu imekwisha tangu saa moja. Msimamizi wa wodi amepita mara mbili akaniuliza nasubiri nini, nikamwambia nasubiri jibu.

Ni saa tatu kasoro. Bado hajafika. Hatuondoki.

Dada yako,
Avelina